Zamunda kwa Mara ya Pili

Kila ukoo una mjomba anayeisimulia Coming to America kana kwamba yeye ndiye aliyembebea Eddie Murphy mkoba siku za upigaji picha. Ukiitazama naye huchekeshwi, unasimamiwa. Anacheka kabla kichekesho hakijafika, anakupiga kofi la paja, "Hapa sasa, hapa sasa!", halafu anakukodolea macho kukagua kama umecheka ipasavyo. Hakuna filamu duniani inayostahimili usimamizi wa namna hiyo.

Ndiyo maana nashauri irudiwe, safari hii mjomba akiwa kwenye kikao cha harusi. Filamu yenyewe ilitoka Juni 1988, mwongozaji akiwa John Landis, na tangu enzi za mikanda ya VHS imevuna sifa kedekede, nyingi zikiwa zimebandikwa pasipostahili. Basi tuhesabu kutoka kumi kushuka hadi moja, sababu hafifu zikitangulia. Mjomba akirudi kabla hatujamaliza, tutamvumilia.

10. Kasri

Naanza na kinachosifiwa kuliko vyote, kwa sababu hapa mkiani ndipo mahali pake. Mwanamfalme Akeem wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, anaamshwa na wanamuziki, anaogeshwa na mabinti, na kila anapokanyaga anamwagiwa maua ya waridi. Tembo anakatiza bustanini. Fedha za nchi zina sura yake. Kote humo hutaona foleni, hutaona umeme ukikatika, wala mama mmoja anayeuza maandazi nje ya geti. Zamunda ina mfalme, haina wananchi.

Wimbo wa kufungulia ni Mbube wa Solomon Linda, umeimbwa na Ladysmith Black Mambazo, kwa hiyo tuko Afrika Kusini. Ngoma ya kumpokea bibi harusi imepangwa na Paula Abdul, kwa hiyo tuko California. Halafu anaingia Imani, binti aliyelelewa tangu utotoni apende chochote anachopenda Akeem; anaamriwa abweke kama mbwa huku akiruka kwa mguu mmoja, naye anabweka. Hapa mjomba huwa anaanguka kitini. Shangazi hacheki. Mara ya pili acha runinga, mtazame shangazi.

9. Wapita njia

Akeem anakwenda Marekani kutafuta mke, akijifanya fukara na kufagia mkahawa. Jambazi mwenye bunduki anayeuvamia mkahawa huo, kisha anadhibitiwa kwa mpini wa dekio, ni Samuel L. Jackson, miaka sita kabla ya Pulp Fiction. Kijana anayenyolewa bila kusema neno ni Cuba Gooding Jr., ambaye baadaye alibeba Oscar. Na wale wazee wawili ombaomba wanaopewa na Akeem mfuko wa pesa barabarani ni akina Duke, matajiri waliofilisiwa mwaka 1983 kwenye Trading Places, filamu nyingine ya Landis na Murphy. Ukimkuta mtu anayeijua Coming to America neno kwa neno, muulize kwa nini wazee wale wanafurahi namna ile. Wengi wanabaki kukuna kichwa.

8. Viti maalumu

Louie Anderson, yule kijana mnene wa mkahawani anayejivunia kwamba alianza kwa kudeki na sasa amepandishwa hadi kuosha majani ya saladi, aliingia kwa mgawo. Mwaka 2021, kwenye kipindi cha Jimmy Kimmel, Arsenio Hall na Murphy walieleza kwamba studio ilitaka lazima awemo Mzungu kati ya waigizaji, nao wakamchagua yeye kwa kuwa walimpenda. Hebu fikiria: Hollywood ya 1988, na anayehitaji kiti maalumu ni Mzungu. Uzuri ni kwamba mbunge huyo alilitendea haki jimbo lake.

7. Kalikiti

Waliokuwa vijana miaka ya 80 hawahitaji maelezo: nywele za mawimbi, mafuta yanayochuruzika, kola ya shati isiyokauka. Filamu inayapa mafuta hayo jina, Soul Glo, na tangazo lake la televisheni lenye wimbo usiobanduka kichwani. Mrithi wa kampuni ni Darryl, mchumba wa Lisa, binti anayependwa na Akeem; Darryl huyo aliigizwa na Eriq La Salle, ambaye baadaye alikuwa daktari kwenye ER. Kichekesho chenyewe hakisemwi: familia ya Darryl inainuka kochini, na pale vichwa vilipoegemea pamebaki madoa. Kochi linachekesha kuliko kasri zima. Wenye vitambaa vya kochi nyumbani, sasa mnajua vilikuja kwa nini.

6. Kikao cha ukoo

Hii haisemwi na wajomba, nayo inabadilisha utazamaji wako. John Amos, anayeigiza baba yake Lisa, ndiye Kunta Kinte, yule Mwafrika aliyeuzwa utumwani, wa utu uzima katika tamthilia ya runinga Roots ya 1977. Madge Sinclair, Malkia wa Zamunda, alikuwa Bell, mke wa Kunta Kinte. James Earl Jones, Mfalme Jaffe Joffer, ndiye aliyemwigiza Alex Haley mwenyewe, mwandishi wa kitabu cha Roots, katika mwendelezo wa 1979.

Kwa hiyo sebule inayogombaniwa posa mwishoni mwa filamu ina Kunta Kinte upande wa bibi harusi, na upande wa bwana harusi yuko mkewe wa zamani pamoja na mwandishi wa kitabu. Murphy na wenzake hawaligusii hilo hata kwa kope. Mtazamaji Mmarekani Mweusi wa 1988 hakuhitaji kuguswa.

5. Usizime

Majina yakianza kupanda, kaa. Saul, yule mzee wa Kiyahudi wa saluni, bado ana kichekesho cha supu. Mjomba huwa keshaamka kutafuta funguo.

4. Kesi

Kichekesho kikubwa cha Coming to America kilichezwa mahakamani. Mwandishi wa safu za magazeti, Art Buchwald, aliwahi kuiuzia Paramount wazo la mtawala wa Kiafrika anayezuru Marekani, anapinduliwa akiwa huko huko, na kubaki fukara mtaani Washington. Filamu ilipotoka, hadithi iliandikwa kuwa ya Eddie Murphy. Buchwald akashtaki, na mwaka 1990 mahakama ya California ikamkubalia kwamba filamu imetokana na wazo lake.

Mkataba wake ulimpa fungu la faida halisi. Faida iko wapi? Paramount wakajibu, bila kutabasamu, kwamba hakuna. Filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani ilikuwa bado haijapata faida.

Yeyote mwenye daladala aliyompa dereva anaijua hadithi hii: gari limejaa kutwa, jioni hesabu haijatimia. Hollywood ilikuwa na fomula yake. Kwanza studio inajilipa ada ya usambazaji. Halafu inakata matangazo, halafu gharama za ofisi, halafu riba ya pesa iliyojikopesha yenyewe. Nyota wakubwa nao wanachukua chao juu kabisa, kabla ya makato. Anayeahidiwa faida halisi anakaa mwisho wa foleni, na foleni imepangwa isimfikie. Jaji aliviona baadhi ya vipengele vya fomula hiyo kuwa vya uonevu uliopita kiasi, na mwaka 1992 akaamuru Buchwald alipwe dola 150,000 na mtayarishaji mwenzake, Alain Bernheim, dola 750,000.

Mjomba amerudi kutoka kikaoni, kasimama mlangoni: "Sasa hayo ya mahakamani yanachekesha nini?" Mjomba, filamu nzima inahusu mtu tajiri anayejifanya hana kitu. Studio ilikuwa tu inaendeleza igizo.

3½. Nusu-sababu

Ukiitazama Coming 2 America ya 2021, ile ya kwanza inapanda daraja papo hapo. Zamunda imewekwa kwenye jumba la mwanamuziki Rick Ross huko Georgia, mavazi ya Ruth E. Carter yanameremeta, Wesley Snipes anacheza kila anapoingia kana kwamba analipwa kwa hatua, na bado unajikuta unaangalia saa. Sababu iko wazi: sehemu kubwa ya filamu imehamia kasrini. Rudi nambari 10.

3. Malkia

Madge Sinclair ana mistari michache, na hakuna hata mmoja unaokwenda bure. Mumewe anapojitetea garini kwamba mila ni mila, yeye ni nani hata aibadilishe, mke anamkumbusha kwa upole kwamba alidhani yeye ndiye mfalme. Basi. Hapigi kelele, wala haongezi neno. Mabibi wengi wa pwani wameendesha nyumba kwa mtindo huo huo.

Miaka sita baadaye yeye na James Earl Jones waliitwa tena kuwa mke na mume wa kifalme, kwa sauti tu: Sarabi na Mufasa katika The Lion King. Ukishaujua undugu huo, kila Jaffe Joffer anapoguna unamwona simba, na vazi lake la ngozi ya simba linaanza kukutia wasiwasi.

2. Saluni

Mjomba amekaa sasa, na kwa mara ya kwanza tunakubaliana. Saluni ya My-T-Sharp, iliyo chini ya chumba walichopanga Akeem na Semmi, msaidizi wake, ndiyo moyo wa filamu. Wazee wa humo hawana kazi nyingine ila kubishana juu ya mabondia. Clarence hataki kabisa kumwita Muhammad Ali kwa jina lake jipya. Mama yake alimwita Clay, imekwisha. Ubishi wa Joe Louis na Rocky Marciano ukipamba moto, Clarence anaapa kwamba aliwahi kuambiwa Louis ana miaka 137. Pambano hilo lilikuwepo kweli, mwaka 1951, na umri wa Louis ulikuwa 37. Mia moja ni chumvi ya kinyozi, nayo ndiyo chumvi ile ile inayotiwa Simba na Yanga katika kila kiti cha saluni kuanzia Temeke hadi Mbagala.

Ufundi uko hapa. Clarence ni Eddie Murphy. Saul, yule Mzungu mzee anayebishana naye, ni Eddie Murphy pia. Morris, kinyozi wa pili, ni Arsenio Hall, ambaye humo humo ni Semmi, ni mchungaji Brown, na ni mwanamke mmoja kwenye klabu ambaye hatutamwelezea zaidi. Mabadiliko yote ni kazi ya Rick Baker, bingwa wa vipodozi vya sinema, naye aliteuliwa kuwania Oscar, akashindwa na Beetlejuice. Alikuja kulipiza akiwa na Murphy yule yule kwa The Nutty Professor ya 1996.

Mara ya kwanza unacheka bila kujua Saul ni nani. Mara ya pili unajua, na unaanza kutafuta mshono: shavu, kope, shingo. Huupati. Kisha unashtuka kwamba umesahau kutafuta, kwa sababu unataka kusikia nani atashinda ubishi. Na linganisha sasa: kasri lile la kifahari halina hata mtumishi mmoja unayekumbuka jina lake, wakati chumba chenye viti vichache na kioo kimejaa watu unaowajua. Watengenezaji hawakuijua Afrika. Vinyozi waliwajua vizuri sana.

"Na Randy Watson je?" Mjomba, yule mwimbaji wa bendi ya Sexual Chocolate anayedondosha kipaza sauti na kukanyaga jukwaa huku ukumbi umenuna? Naye ni Murphy, naye hana nambari yake. Kaa chini.

1. Baba mwenye nyumba

Hakuna anayeniunga mkono hapa. Sababu kuu ya kuirudia Coming to America si Eddie Murphy. Ni Cleo McDowell, baba yake Lisa.

Mtazame. Ana mkahawa wa baga Queens unaoitwa McDowell's, wenye matao mawili ya dhahabu mlangoni, na anakuapia kwamba hauna uhusiano wowote na McDonald's. Wao wana Big Mac, yeye ana Big Mick. Mikate yao ina ufuta, yake haina. Anaieleza tofauti hiyo kwa uso mkavu wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuonyesha raba zenye mistari minne. Na John Amos ndiye wa kuyasema hayo kuliko mtu yeyote, maana miaka ya 1970 alionekana mwenyewe kwenye tangazo la McDonald's.

Cleo amejitoa chini kwa jasho, na hataki kurudi chini hata kwa utani. Nyumba ni kubwa, mkwe mtarajiwa ni mrithi wa mafuta ya nywele, na mfagiaji wa mkahawa wake hapaswi kumtazama binti yake mara mbili. Akeem akija kwenye sherehe nyumbani kwake, anapewa kazi. Siku Cleo anapogundua kwamba mfagiaji ni mrithi wa kiti cha enzi, uso wake unapita hatua zote: kushtuka, kupiga hesabu, furaha, kisha ukarimu wa ghafla usiovumilika. Kila mwenye binti wa kuposwa ameshaona uso huo, na wengine wameuvaa.

"Ni mchoyo tu," mjomba anasema. Mchoyo, ndiyo. Lakini Jaffe Joffer anapofika sebuleni, anamwona Lisa kuwa si saizi ya mwanawe, na anataka kumlipa baba pesa nyingi kwa usumbufu, Cleo yule yule aliyekuwa tayari kumwozesha binti kwa chupa ya mafuta anazikataa. Anamwambia mfalme, mbele ya malkia na walinzi, ni wapi hasa atamwingiza mguu akiendelea kumsema vibaya Lisa.

Mjomba hajacheka mapema safari hii. Kakunja nne, anataka tukirudishe nyuma kipande hicho tukione tena.