Maombi ya Leseni ya Ukatili

Kwa Katibu Mtendaji,
Bodi ya Filamu Tanzania.

Ndugu Katibu,

YAH: MAOMBI YA LESENI YA UKATILI KWA MAMA WA KAMBO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Ilongero, Singida, mkulima wa alizeti na mfugaji wa kuku wa kienyeji. Niliolewa na mwanaume mwenye watoto, nao wapo, wanakula, wanagombana na wanakataa kulala sawasawa na wale niliowazaa. Kwa kufuatilia filamu zetu katika kibanda cha video na ndani ya mabasi yanayokwenda Mwanza, nimegundua kuwa kazi hii naifanya kinyume cha utaratibu.

Sina vifaa. Mama wa kambo wa filamu ana wigi la kufika kiunoni, kucha za kubandika, na gauni la kulalia analoshinda nalo hadi saa nane mchana. Saa nane mchana, msimu wa palizi, mimi nipo shambani na kucha zimejaa mchanga. Yeye humtuma mtoto kuteka maji na ndoo kichwani, katika nyumba yenye bomba hadi chumba cha mlinzi. Halafu kuna sumu, ambayo lazima iwe kwenye juisi. Naomba mwongozo kama uji wa uwele unakubalika, maana juisi ya boksi hapa kwetu ni ya wageni.

Msidhani nalalamika ovyo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 haitaki picha ioneshwe hadharani kabla haijakaguliwa. Kwa hiyo kila kofi, kila sufuria la ukoko na kila safari ya kwa mganga imepita mezani kwenu ikagongwa muhuri. Sketi fupi hamkosi kuiona. Baba aliyetoweka tangu dakika ya kumi hadi ya themanini, hakuna aliyemuulizia.

Huyo baba ana historia. Ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, walipochapa hadithi zao mwaka 1812, aliyeagiza Snow White akauawe msituni alikuwa mama yake mzazi. Toleo la 1819 likamfanya mama wa kambo, mama mzazi akabaki na heshima yake, na Walt Disney akaipeleka sinema hivyohivyo mwaka 1937. Mwenzetu alihukumiwa na kalamu ya mhariri. Lakini mtazameni mfalme, baba wa Snow White: anaoa mke wa pili, kisha hasikiki tena. Binti yake anapelekwa kuchinjwa na yeye hana habari! Sisi tumemrithi mfalme huyo, tukamvalisha tai na kumpa begi la magurudumu na safari ya kikazi Dubai. Akirudi haoni makovu ya mtoto, haulizi kwa nini haendi shule. Mwishoni mkewe anapata wazimu barabarani, yeye analia, na sisi tunamwonea huruma.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu ya mtoto wake. Kwenye filamu wajibu huo unahamishiwa kwa mke mpya siku ya harusi, pamoja na lawama.

Wakatili wapo, sikatai. Mahakama zinawajua, na si wote ni wa kambo. Ila huku mtaani filamu zenu zimeshakuwa shahidi wa mashtaka. Mtoto akianguka juu ya mawe, na Singida mawe hayatafutwi, jirani haulizi kaangukaje, anauliza mimi nilikuwa wapi. Nikimchapa niliyemzaa, ni malezi. Nikimkaripia huyu, watu wanavuta viti. Binti yetu mkubwa nilipomwambia aoshe vyombo alianza kulia polepole, huku macho yakitafuta kamera.

Mwigizaji wetu marehemu Steven Kanumba alipowaweka watoto Jennifer na Patrick kando yake katika filamu ya Uncle JJ, hakuna aliyedai kurudishiwa fedha zake. Ushahidi upo kwamba mwanaume na watoto wanaenea ndani ya picha moja.

Hivyo nipeni leseni, au kama imeshindikana, mswada ujao ukifika mezani mwambieni mwandishi aongeze sekunde thelathini tu, baba akiulizwa mtoto wake jana usiku alikula nini. Ruksa kumpa muda wa kufikiri. Nafasi ya muulizaji naweza kuigiza mwenyewe, wigi nitaazima. Rushwa sitoi, ila mkija kukagua mazingira, kuku yupo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama wa Kambo,
Ilongero, Singida.

Nakala: Baba Watoto – Safarini.