Tumsifu Mjumbe

Hapa Tongaren hakuna mtu anayetukanwa kama dalali wa mahindi. Novemba akitokea na lori, mizani begani, kalamu sikioni, tunamwita mnyonyaji. Jioni tunampigia simu kuuliza bei. Juzi nilimpelekea gunia nililolishona kwa mkono wangu. Kwangu lilikuwa kilo 90, kwake likawa 84. Akasema mahindi yana unyevu, na kidole chake cha mguu kikaondoka taratibu chini ya mizani. Nikihesabu noti zilizobaki, macho yakanifunguka: huyu bwana anastahili sifa, na anayestahili zaidi ni ndugu yake wa damu, mjumbe anayewachagulia watu rais.

Hebu fikiria raha ya kuwa na mjumbe. Anaamka yeye, anapanga foleni yeye, anakosana na majirani yeye. Wewe unabaki shambani ukipalilia.

Kenya tuliikaribia neema hiyo. Desemba 12, 1964 Mzee Kenyatta alitoka uwaziri mkuu akawa rais, bila mwananchi kupiga kura. Katiba ya jamhuri ikapanga kwamba uchaguzi ukifika, kila mgombea ubunge atangaze anamuunga mkono nani kwa urais. Ukimchagua mbunge, umeshachagua rais, hata kama mbunge huyo ulimpenda kwa sababu ya daraja tu. Kura moja, abiria wawili, kama bodaboda ya Naitiri.

Hesabu yake ndiyo tamu. Tuseme sisi Tongaren tumpe mtu wetu kura elfu thelathini, zote. Majimbo ya Kimilili na Kanduyi yampe mwenzake kwa kura kumi kumi za ziada. Viti viwili kwa kimoja: mwenzake anaapishwa, na maelfu yetu yanarudi nyumbani kupumzika. Wamarekani wanaifahamu starehe hii. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 3, lakini wajumbe ni 538, na wengi wao walikuwa wa Trump.

Mwaka 1968 wakubwa wakaufuta mpango wetu kabla haujajaribiwa hata mara moja. Wakatupa haki ya kumchagua rais moja kwa moja, nasi tukaitumia kwa utulivu wa ajabu: 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988 mgombea alikuwa mmoja, hivyo hakuna aliyesumbuliwa kuchagua. Tulisubiri hadi Desemba 29, 1992 kuona mgombea zaidi ya mmoja.

Usidhani katikati hapo tulikosa watu wa kutusaidia. Februari 1988, kwenye mchujo wa wabunge wa chama tawala, KANU, watu walisimama mlolongo nyuma ya wagombea, na aliyevuka asilimia 70 akapita bila kura ya siri. Kukhu, yaani bibi yangu, alisimama kwenye foleni iliyozunguka uwanja wa shule. Foleni ya pili ingeenea kwenye matatu moja. Mhesabuji akakohoa, akatangaza kuwa ile fupi ndiyo ndefu. Hadi leo kukhu akiona foleni, hata ya maji, kwanza huuliza nani atahesabu.

Lakini ufundi wenyewe tuliuona kwa jirani zetu Wasomali. Wajumbe wa koo, 101 kwa kila kiti, walichagua wabunge wa baraza la chini. Kisha Mei 15, 2022, wabunge na maseneta wakajifungia kwenye hanga ya ndege Mogadishu, na Hassan Sheikh Mohamud akamshinda rais aliyekuwa madarakani, Farmaajo, kwa kura 214 dhidi ya 110. Nchi nzima, kura 214! Mgombea anaweza kuwajua wapigakura wake wote kwa majina, na kila mmoja anaweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai. Huku kwetu maskini mgombea hugawa leso na noti za mia mia kijiji hadi kijiji mpaka mfuko unatoboka. Kwa mjumbe bei ni ya jumla. Hata dalali hapendi kununua kwa kopo la gorogoro.

Wanaolalamika kwamba watu mia tatu hununulika upesi kuliko milioni kumi hawajawahi kufanya biashara.

Dalali wangu amepiga simu tena leo. Anataka magunia kumi, na kwa vile sasa tumezoeana, ameuliza kama ninaweza kumpa na kitambulisho changu aende nacho mjini. Nimemwambia asubiri kidogo, bado nakitafuta.