Hongera, Mwanafunzi wa Kitelugu

Tumpongeze kijana wetu wa Keroka anayejifunza Kitelugu. Sathya Sai Baba, kiongozi wa kiroho wa Puttaparthi, India, aliyefariki mwaka 2011, alihutubia kwa lugha hiyo, na kijana hataki baraka zimfikie kupitia kwa mkalimani. Ana haki. Sai Baba alipozuru Afrika Mashariki mwaka 1968, wazee wetu hawakuwa wamejiandaa hata kwa herufi moja. Aibu hiyo sasa inafutwa.

Wanaolalamika kwamba herufi zaidi ya 50 za Kitelugu ni nyingi, wakumbuke kwamba Wakatoliki walisikia misa kwa Kilatini hadi miaka ya 1960, na mbingu hazikuporomoka. Hata mhubiri wetu wa sokoni, mzaliwa wa hapa hapa, hunguruma kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa Ekegusii, shangazi yake akiwa kiti cha mbele. Tena mji wetu unaogombewa na kaunti mbili, Kisii na Nyamira, utatoshekaje na lugha ya nyumbani?

Nyanyake kijana, asiyejua ila Ekegusii, ana neno la kumwambia mjukuu. Avute subira. Kijana akihitimu, tutamtafutia nyanya huyo mkalimani.