Darsa Tukufu Juu ya Kuihuisha Boti Kuukuu ya Faiba

Waheshimiwa wazee wa mtaa, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mlioketi juu ya ukuta ingawa viti vipo: nawasalimu kwa taadhima inayostahiki hadhira iliyobahatika kupata jioni kama hii. Ada ya majukwaa ni kwamba mzungumzaji hutambulishwa na mtu mwingine, lakini nimeona si insafu kumtwika mja dhaifu sifa ambazo ulimi wake hautazibeba, kwa hiyo nitajitambulisha mwenyewe. Mimi ndiye mtaalamu wa kuhuisha boti za faiba katika mji huu wa Tanga, toka Raskazone hadi Sahare, na kama yupo mwingine basi hajajitangaza, na mtaalamu asiyejitangaza hana tofauti na asiyekuwapo. Cheti sina, kwa kuwa sijamwona mwenye daraja ya kunitunuku. Elimu yangu nimeichota kwa kutazama, nikiwa nimeketi chini ya mwarobaini katika saa zile za asubuhi ambazo watu wa kawaida huzipoteza kwa kufanya kazi.

Chombo chenyewe mnakiona nyuma yangu, kimejaa ua mzima. Zamani kilikuwa kikitoka kwenda kuvua nguru na jodari katika mkondo uliopo baina yetu na Pemba, kisha wenyewe wakakichoka, kikaachwa ufukweni masika baada ya masika, kikinywa mvua na kufuga paka. Nilikinunua kwa thamani ambayo mama watoto ameipa jina, lakini jina hilo halisemwi mbele ya wazee.

Naanza na nasaba, maana msomi humjua mtu kwa ukoo wake na boti kwa maada yake. Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kupita unywele, zilizozamishwa katika resini ikaganda nazo. Kioo kikatoa nguvu, resini ikatoa umbo. Nyuzi hizo zilianza kufanywa kwa wingi huko Marekani katika miaka ya 1930, na kampuni ya Owens-Corning ikaundwa mwaka 1938 kwa ajili ya biashara yake. Mwaka 1942 bwana mmoja aitwaye Ray Greene, wa mji wa Toledo katika jimbo la Ohio, akaunda boti ndogo kwa nyuzi hizo na resini ya poliesta, na tangu hapo waunda vyombo wa dunia hawakulala usingizi wa raha. Mwaka 1958 ikatokea Boston Whaler, ambayo baina ya gamba lake la nje na la ndani imejazwa povu lililoganda, na mwaka 1961 mwenye kuibuni, Dick Fisher, akapigwa picha katika gazeti la Life ameketi ndani ya boti yake huku inakatwa vipande viwili kwa msumeno juu ya maji, na vipande vyote viwili vikaelea. Nilipomsimulia fundi wangu habari hii, akaniuliza ni kipande kipi kilichobaki na mashine. Waungwana, swali la namna hiyo ndilo linalotenganisha akili ya karakana na akili ya maktaba.

Sasa naingia katika kanuni niliyoiasisi, nayo ni hii: faiba haiozi. Nimeitamka kanuni hiyo barazani, sokoni na ndani ya daladala, na hakuna aliyenipinga, isipokuwa kondakta aliyetaka nauli. Siku fundi alipofika mara ya kwanza niliitamka tena, kwa sauti, nikiwa nimeweka mkono mmoja juu ya ubavu wa boti. Yeye hakujibu. Alichukua nyundo ndogo, akaanza kuugonga mwili wa chombo kwa mpini wake, taratibu, toka omo kwenda tezi, ameinamisha sikio. Omoni sauti ikawa kavu na kali. Alipofika tezi, kwenye ubao ule unaobeba mashine, sauti ikafa. Ukawa ni mlio butu usio na mwangwi. Akarudia mara nyingine juu ya sakafu, hali ikawa ile ile. Kisha akasema, "Ustadhi, faiba haiozi kweli. Lakini mbao iliyomo ndani imekwisha." Nikamwarifu kwamba hilo hasa ndilo nililokuwa nakusudia kumwambia.

Na hapa, mabibi na mabwana, ndipo ilipo siri ya boti hizi, nami naifichua bila kudai chochote kwa sasa. Gamba la faiba peke yake hunepa. Kwa hiyo waundaji hulitia mifupa ya mbao: plaiwudi nene huwekwa tezi baina ya tabaka mbili za faiba ili ibebe uzito na msukumo wa mashine, na mbao nyingine hulazwa kwa marefu chini ya sakafu, nazo zikafunikwa kwa faiba. Chombo kinapotoka kwa muundaji huwa kimeziba kote. Kisha huja mwenyewe, ana keekee na ana mapenzi. Hutoboa hapa apate kufunga bano, hutoboa pale apitishe waya, hukaza skrubu bila kupaka lakiri, akaondoka ameridhika. Maji hayana haraka. Huingia tone kwa tone katika tundu la skrubu, yakaikuta mbao, na mbao ikisha kulowa imo ndani ya kaburi la kioo lisilopitisha upepo, haina njia ya kukauka. Tazameni tofauti yake na mashua ya baba zetu: ile mbao zake zote zi wazi, hupandishwa pwani, hupakwa sifa juu na deheni chini, na fundi huiona kila nafasi inayovuja akaitia kalafati. Mashua huugua hadharani, watu wakaizuru. Boti ya faiba hung'aa siku zote, ugonjwa umefichwa kiunoni, na mnunuzi (sisemi nani) huipenda kwa rangi.

Fundi alilikata gamba la ndani la tezi kwa grainda, akaliacha la nje lisimame kama lilivyo ili umbo lisipotee. Kilichoonekana ndani si mbao tena. Plaiwudi ilikuwa nyeusi, imelowa, na alipoitia vidole ikaporomoka kama mkate wa mofa uliosahauliwa katika mchuzi. Kipande alichokiminya kilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi, na kuzunguka kila tundu la boliti kulikuwa na duara la kutu iliyoenea ndani kuliko nje. Akaichota yote kwa mikono na patasi hadi akafika kwenye kioo kikavu. Mimi nikashauri tezi mpya iwe ya msaji wa Longuza, huko Muheza, kwa kuwa chombo changu kina hadhi. Fundi akasema msaji una mafuta, resini haiushiki vema, na ubao mzima hujaa na kusinyaa kwa unyevu. Atatumia plaiwudi ya baharini, iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Nilimwachia. Sikushindwa hoja, niliona huruma.

Baada ya tezi ni gamba lenyewe. Mahali penye ufa au tundu la kuzibwa, ukingo haukatwi wima kama wa mlango. Husagwa kwa mteremko wa pole, milimita 12 kwa kila milimita 1 ya kina, ili tabaka mpya zipate pa kujishika, maana resini mpya juu ya faiba iliyoganda zamani haiungani nayo kwa asili, bali huing'ang'ania tu. Kwa sababu hiyo wako wanaopendelea epoksi, ambayo hung'ang'ania zaidi. Lakini epoksi nayo ina kiburi: ile mikeka ya nyuzi fupi aghalabu hushikwa na gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta na haiyeyuki ndani ya epoksi, kwa hiyo hutakiwa kitambaa kilichofumwa, na jelikoti ya poliesta, yaani ile ngozi ya nje inayong'aa, haikai vema juu yake. Haya nimeyatafiti kwa kumsikiliza fundi akimweleza mwanawe.

Nafika katika mlango wa kemia, ambao naomba watoto waliopo wausikilize kwa masikio mawili. Resini ya poliesta haikauki kwa upepo. Huganda kwa kutiwa hadina, kiasi cha sehemu 1 hadi 2 katika 100, na kwa joto la Tanga letu mwenye busara hukaa karibu na 1. Hadina hiyo ikiruka jichoni yaweza kumpofua mtu, basi miwani ni faradhi. Na wanaochanganya kobalti ili kuharakisha resini wasithubutu kuikutanisha kobalti na hadina zikiwa peke yake, kwani hulipuka. Kwenye meza hii nimeleta burhani: ndoo, au tuseme kilichokuwa ndoo. Niliamua, kwa manufaa ya elimu na wakati fundi amekwenda kuswali adhuhuri, kuonyesha kwamba mtu mkarimu haipimii kazi yake hadina kwa kijiko. Nikajaza ndoo, nikatia hadina kwa ukarimu. Resini ikawa nzito, ikawa moto, ikatoa moshi mweupe unaochoma koo, kitako cha ndoo kikalainika na brashi ikasimama wima bila kushikwa. Majirani wakaja na mchanga. Jaribio lilifaulu kabisa, maana limethibitisha kwamba resini hujitengenezea joto lake yenyewe, na kadiri inavyokuwa nyingi katika chombo kirefu ndivyo joto linavyokosa pa kutokea. Fundi huchanganya kidogo kidogo, akaimimina katika sinia pana. Kila mtu na mbinu yake.

Juu ya vumbi la faiba nitakuwa mfupi, kwa kuwa mama watoto yupo safu ya pili. Vumbi hilo ni kioo. Huwasha ngozi na kuumiza pafu, kwa hiyo msagaji huvaa barakoa ya kuchuja, miwani na nguo za mikono mirefu, na husaga mbali na kamba ya kuanikia. Kamba yetu haikuwa mbali. Shuka zikaanuliwa zikatandikwa, na tangu usiku ule mimi nalala sebuleni, mahali penye utulivu wa kutafakari.

Katika kazi zote, iliyotendwa kwa mkono wangu ni moja, nayo ndiyo kubwa: jina. Kabla ubao wa kwanza haujang'olewa, nilikwisha kuandika ubavuni, kwa herufi za dhahabu, "HAINA MFANO". Fundi akapitisha kiganja juu ya herufi hizo, akatoboa uvimbe mdogo uliokuwa chini ya herufi N, ukatoa maji yanayonuka siki. Hayo ni malengelenge: maji hupenya jelikoti polepole kwa miaka, yakachanganyika na masalio ya kemikali ndani, yakavimba. Dawa yake ni kuyafungua, kuyaosha kwa maji baridi matamu, na kuuacha mwili ukauke kwa muda mrefu kabla ya kuuziba tena. Jina likasagwa lote. Nimekwisha kuagiza dhahabu nyingine.

Ama mashine, sitasema mengi, maana haimo. Nilipendekeza ya farasi 90. Fundi akasema tezi hii imeundwa kwa 40, na mashine iliyozidi huivuta tezi yote ikabaki nayo baharini. Wakati wa kazi ni kiangazi cha kaskazi, kwa sababu unyevu wa masika huzitia weupe nyuzi na kuidhoofisha resini. Wakati wa kushusha ni bamvua, mwezi unapoandama au unapotimia, maji ya Tanga yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3 na kuifikia boti pale ilipo badala ya watu kuiburura matopeni. Na kabla ya abiria wa kwanza chombo hukaguliwa na kusajiliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na kila mtu huwa na jaketi lake la kuokolea. Nilifika huko nikiwa na jina la boti na picha yangu. Waliniuliza boti iko wapi.

Darsa imetimia. Maswali ya falsafa nielekezeeni mimi. Ya vipimo na ya kazi yenyewe muulizeni fundi, naye atawajibu niliyomfunza. Sasa litapitishwa kapu, na nawaomba wenye uwezo msione haya kutia noti, kwani resini imepanda bei na galoni tuliyonayo haifiki tezi. Fedha hizo ni za resini peke yake. Ujira wa fundi, ambaye bado hajalipwa, tutauzungumza katika darsa ijayo.