Mbega Aomba Mwaka wa Kupumzika Denmark

Ukingo wa Mto Tana, karibu na daraja la Garsen, mwezi wa Machi. Jua ni kali hata miti ya mathenge imenyong'onyea. Kiboko yumo majini, masikio tu juu. Mbayuwayu ametua kwenye waya wa stima. Anatokea Mbega Mwekundu, vumbi hadi kwenye kope, fomu mkononi.

MBEGA: Shikamoo, Babu.

KIBOKO: Marahaba. Wewe si wa huku. Wewe ni wa misitu ya juu, Wenje na Mnazini. Umefikaje Garsen, mahali pasipo na mti wa kurukia?

MBEGA: Nilidandia lori la maembe mpaka Minjila, mengine ni siri yangu na mwenye boda. Nimekuja saiba kujaza fomu. Shule nimemaliza, Babu. Kabla sijaanza maisha nataka mwaka mmoja wa kupumzika ng'ambo. Nimechagua Denmark.

KIBOKO: Kupumzika! Umechoshwa na nini? Kazi yako ni kula majani na kulala ili yasagike.

MBEGA: Kwani wenzetu hungoja mpaka wachoke? Muulize Bi Mbayuwayu, yeye ni mwenyeji wa kule.

MBAYUWAYU: Si uongo. Kiota changu kiko kwenye zizi la ng'ombe huko Jutland. Hapa napita tu nikitoka kusini. Vijana wa kule wakimaliza shule hupumzika mwaka, wengine miwili. Serikali ilihangaika nao. Kuanzia 2009 iliwaambia: anayeingia chuo ndani ya miaka miwili, alama zake tutazizidisha kwa 1.08. Hawakushtuka sana. Mwaka 2020 zawadi yenyewe ikaondolewa.

KIBOKO: Ngoja. Serikali iliwaongezea watoto alama, mchana kweupe, ili waache kupumzika?

MBAYUWAYU: Kwa mujibu wa sheria.

KIBOKO: Huku kwetu mwenye kuongeza alama hutafutwa na polisi.

MBAYUWAYU: Tena zipo shule ziitwazo højskole. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Unalala hukohuko, unaimba, unafinyanga vyungu, unajadili mambo ya dunia. Mtihani hakuna. Unalipa.

MBEGA: Kulipa tumeshazoea. Hilo la mtihani kutokuwepo ndilo geni.

KIBOKO: Mjukuu wangu, mapumziko hata hapa yapo, ila hayana jina zuri. Mtoto wa Garsen anafanya mtihani wa KCSE Novemba, matokeo Januari, chuo Septemba. Hapo katikati anachunga ng'ombe wa baba, anaendesha boda ya mjomba, anakaa kijiweni akisubiri KUCCPS wampangie chuo. Mwaka umekwisha, na hakuna aliyempiga picha amekumbatia mti. Ukija mwaka wa mafuriko kama 2024, mto wenyewe humpangia safari: hema bure, kambini, pamoja na ukoo mzima.

MBEGA: Ndiyo maana nataka ya kulipia! Nisomee hii fomu, Bi Mbayuwayu, saiba stima imepotea.

MBAYUWAYU: Ada ya viza, yuro 90. Ukikataliwa hairudi.

MBEGA: Yaani nanunua jibu la hapana?

MBAYUWAYU: Unanunua nafasi ya kuulizwa maswali. Hiyo viza yenyewe, ukiipata, ni ya siku 90. Ukitaka mwaka mzima utafute kibali kingine. Kuna kibali cha kijana kukaa mwaka akitembea na kufanya vibarua. Denmark imekubaliana na Australia, Canada, Japani na wengine kadhaa.

MBEGA: Na Kenya?

MBAYUWAYU: Sijaiona kwenye orodha.

KIBOKO: Na wao wakija huku?

MBAYUWAYU: Tangu Januari 2024 Kenya imesema viza basi. Wanajaza idhini ya safari kwenye simu, dola 30, wanapanda ndege.

KIBOKO: Nawajua hao. Hufika na viatu vya kupandia mlima, na huku mlima hakuna. Wanapaka rangi ukuta wa shule. Mwaka huu buluu, mwaka ujao wengine kijani. Ukuta umenenepa, choo bado hakina mlango. Lakini watoto wazuri, sina neno nao; wanacheka na kila mtu. Mtu ambaye hajaulizwa swali tangu atoke kwao lazima acheke.

MBEGA: Wewe, Bi Mbayuwayu, walikuuliza nini Sahara?

MBAYUWAYU: Mimi? Uzito wangu haufiki gramu 25, nani ataniuliza? Navuka mipaka yote hiyo mwaka mara mbili bila taarifa ya benki. Nikifika, Mdenmaki anatoka nje na chai yake, anasema majira ya joto yamefika. Tuendelee. Swali linalofuata: "Thibitisha kwamba utarudi nyumbani."

(Mbega anakaa chini. Kiboko anatoa kichwa chote nje ya maji, jambo asilolifanya ovyo saa sita mchana.)

MBEGA: Nithibitishe nini?

MBAYUWAYU: Kwamba una sababu ya kurudi ulikotoka, hutajificha ukabaki.

MBEGA: Babu, ukoo wetu haupo pengine popote duniani. Tumebaki kwenye vipande vya msitu kando ya mto huu mmoja. Vitabuni tumeandikwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Nitabakije Denmark? Nitaoa nani?

MBAYUWAYU: Hapa hapajaulizwa utaoa nani. Pameulizwa kama una hati ya nyumba.

MBEGA: Ipo! Hifadhi yetu ya Mto Tana ilitangazwa mwaka 1976.

KIBOKO: Mjukuu wangu, hukuambiwa? Mwaka 2007 Mahakama Kuu ilisema hifadhi hiyo haikuanzishwa kwa kufuata sheria.

MBEGA: Kwa hiyo mimi naishi wapi?

KIBOKO: Unaishi palepale. Karatasi ndiyo haipo.

MBEGA: Na wewe Babu, hujawahi kutaka kusafiri?

KIBOKO: Jamaa yetu mmoja wa Mto Sabaki alisafiri. Desemba 2004, siku za tsunami, alikutwa amekwama baharini kule Malindi, mtoto asiye na mama. Wakampeleka Haller Park, Mombasa, wakamwita Owen. Akashikamana na kobe mzee, wakaandikwa vitabuni, dunia nzima ikalia kwa furaha. Kwao Sabaki hakurudi, na wala hakuna aliyemtaka athibitishe chochote. Mimi ningependa kuiona hiyo Denmark. Kuna majani?

MBAYUWAYU: Majani yapo. Ila kuanzia 2030 ng'ombe watatozwa kodi ya hewa wanayocheua. Kroner 300 kwa tani.

KIBOKO: Kwa kucheua tu? Na kile ninachokifanya mimi mtoni kila siku kitagharimu ngapi? Basi, niacheni na Tana yangu.

(Mamba anajitokeza taratibu, tai shingoni, bahasha ya kaki kinywani.)

MAMBA: Nimesikia kijana ana shida. Kijana, achana na Denmark, maswali mengi. Mimi ni ajenti. Nina nafasi Norway, mpango wa au pair. Unakaa na familia, unawalelea mtoto, unapewa chumba, chakula na pesa ya mfukoni. Mwaka mzima unaona theluji. Ada ya usajili elfu arobaini, unatuma kwa simu sasa hivi, kwa sababu zimebaki nafasi mbili.

MBEGA: Na swali la kurudi?

MAMBA: Kwangu hakuna swali la kurudi.

KIBOKO: Hilo nakuamini. Wote waliokwenda na wewe hawakurudi.

MBAYUWAYU: Bwana Ajenti, mpango gani huo wa Norway? Uliobaki ni wa Denmark, na nao una masharti: umri 18 hadi 29, bila mke wala mtoto, saa 18 hadi 30 za kazi kwa wiki, na mwisho wake miezi 24. Wa Norway uliondolewa.

MAMBA: Wewe ndege wa kupita utajua nini mambo ya ofisi?

MBAYUWAYU: Napita kwao. Wewe hujavuka hata daraja.

(Mamba anazama na bahasha yake. Majini yanabaki mapovu na risiti mbili tatu zinazoelea.)

MBEGA: Babu, hizo risiti zina majina ya watu.

KIBOKO: Ni majina ya watoto wa Garsen na Hola. Kabla hujapanda lori kurudi Wenje, zikusanye, uzipeleke kwa wenyewe. Waambie Norway ilifunga mpango huo kwa waombaji wapya Machi 2024. Aliyewatoza ada baada ya hapo amewaibia, na risiti hiyo ndiyo ya kwenda nayo polisi.