Namna ya Kuliharibu Goti Jipya Bila Kutoka Kitandani

Hongera. Ncha za mifupa zimeparwa na kuvishwa chuma, katikati pamewekwa plastiki ngumu, na michango ya ukoo mzima imeishia kwenye bili. Kilichobaki ni kulirudisha goti lilikotoka.

Anza na mto. Uweke chini ya goti lipumzike limekunjika kidogo. Utasikia raha ya ajabu. Fizio atakukataza, eti goti likizoea hivyo halitanyooka tena sawasawa. Lakini fizio ni kijana wa juzi, na aliyekuletea mto ni shangazi.

Kijana huyohuyo atataka usimame siku hiyohiyo ya upasuaji, au kesho yake. Atataka uchezeshe vifundo vya miguu damu isigande, na ukunje goti hadi nyuzi 90, usije ukahitaji kuvutwa kila unapoinuka kitini. Wajukuu wa kukuvuta si wapo? Dawa ya maumivu usiimeze kabla ya mazoezi, wewe ni jasiri. Mazoezi yakiuma, yaache.

Kwenye ngazi kuna kanuni: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia uliopasuliwa. Isahau.

Sasa twende kwenye moyo, maana huko ndiko goti huharibikia vizuri zaidi. Usingizi utakatika kwa wiki kadhaa. Uvimbe utakaa miezi. Saa tisa usiku utajikuta unalia na hujui unalilia nini. Jambo hili huwapata wengi, na anayelemewa na huzuni huhisi maumivu zaidi na kuchelewa kupona; kwa hiyo lifiche. Wageni wakija na machungwa yao, sema “tunamshukuru Mungu” na ugeukie ukutani. Daktari usimwambie, yeye ni wa mifupa. Ukipata nafasi, jilinganishe na yule jirani aliyekwenda sokoni kwa miguu wiki ya tatu. (Kila mtaa unaye. Sijawahi kukutana na aliyemwona akienda.)

Ngozi ya pembeni mwa kovu ikifa ganzi, na goti likilia “ka!” unapotembea, usiulize kama ni kawaida. Ni kawaida, lakini ukiuliza utatulia. Mpigie mwanao usiku wa manane umwambie nati imelegea.

Kigimbi kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kuuma, hospitali watakuhimiza uwahi, kwa hofu ya bonge la damu kupanda hadi mapafuni. Wewe mwite mchuaji, aje na mafuta yake, akande kwa nguvu.

Ukiwa bado upo siku ya kliniki, nenda na shangazi. Daktari akiuliza kwa nini goti halikunjiki, mwachie shangazi ajibu: hicho chuma walichokuwekea ni feki.