Mhadhara wa Nyuzijoto kwa Wakazi wa Tabora



Aliyesimama mbele yenu ni Bingwa Mkuu wa Ratiba za Joto, Kanda ya Magharibi. Cheo hiki sikupewa na chuo, maana hakuna chuo chenye ubavu wa kunitahini. Nilikaa na nafsi yangu kikao cha faragha, nikapendekeza jina langu, nikaliunga mkono, likapita bila kupingwa.

Somo letu ni themostati. Mwaka 1885, mjini Minneapolis, Albert Butz alibuni kifaa cha kufungua na kufunga hewa ya tanuru la makaa ili nyumba isizidi joto wala baridi. Mwaka 2011 ikaja Nest, themostati inayojifunza yenyewe saa unazolala na saa unazotoka. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha joto la nyumba kwa nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit, saa nane kila siku, bili yako ya mwaka ya kupasha joto na kupoza nyumba inaweza kupungua kwa hadi asilimia 10. Nikajiuliza: asilimia kumi ya bili ya kupasha joto nyumba za Tabora ni shilingi ngapi? Nilikesha nikipiga hesabu. Jibu ni sifuri. Lakini ni sifuri ya kitaalamu.

Msicheke, naomba. Julai alfajiri nyie nyie ndio mnaojifunika blanketi mbili, halafu mnakimbilia bafuni kwenye shawa ya moto. Shawa hiyo ni ya kilowati 5. Nyumba ya watu wanne, kila mmoja akioga dakika saba na nusu, ni nusu saa; nusu saa ni yuniti mbili na nusu; siku 30 ni yuniti 75. Mnaijua 75, au niwaeleze? Huo ndio mpaka wa mwezi wa wateja wadogo wa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, wanaolipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na makato. Ukiuvuka ukapandishwa daraja, unalipa 292. Yaani familia imekwisha kumaliza nafuu yake yote ikiwa bado na taulo kiunoni, kabla hata ya kuwasha taa ya sebuleni!

Uingereza wapo wateja wanaouziwa umeme wa usiku kwa bei nafuu, kwa hiyo ratiba ya saa ina maana kwao. LUKU ya nyumbani haijali kama ni adhuhuri au usiku wa manane. Ndiyo maana nimebuni ratiba ya kuoga ya watu badala ya saa: baba Jumatatu, mama Jumanne, watoto watagawana wikiendi. Nyumbani kwangu imepigiwa kura na kushindwa, kwa sababu za kisiasa.

Sasa Oktoba. Jua la Oktoba mnalijua, na bati bila dari mnalijua. Mtanunua kiyoyozi. Cha kilowati moja, kikinguruma saa tatu mfululizo kila usiku, kinafika yuniti 75 siku ya ishirini na tano. Pangaboi la wati 75, saa nane kila usiku, mwezi mzima ni yuniti 18. Lakini pangaboi halina programu ya simu, kwa hiyo kitaaluma silitambui.

Wala silitambui tembe la Kwihara, hapa jirani. Nimelikagua. Kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti. Joto la mchana linapenya polepole mno. Kabla halijafika ndani, jua limekuchwa. Mmisionari David Livingstone alikaa hapo tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi ambao mwandishi wa habari Stanley alikwenda kumtafutia pwani, na akaondoka bila deni la umeme. Nyumba ile haina nywila, haina waya hata mmoja, halafu inathubutu kuwa baridi! Na wapagazi wenyewe wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo: kirangozi, kiongozi wa msafara, aliuamsha alfajiri na kuufikisha kambini kabla jua halijawa kali. Ratiba kamili ya joto, na hakuna aliyeniomba kibali.

Naona mkono. Ndiyo, bibi, uliza.

Bibi anauliza kwa nini nisifunge madirisha saa nne asubuhi na kuyafungua saa moja jioni, kama afanyavyo yeye.

Swali zuri, bibi, ila halina betri. Hata hivyo, kuanzia leo utaratibu huo utaitwa Nadharia Yangu ya Dirisha, na atakayeutumia atataja jina langu kwanza.

Ada ya mhadhara hulipwa kwa tokeni za LUKU. Tarakimu ni ishirini. Nisomeeni taratibu, nyumbani kwangu umeme umekatika tangu juzi.